Kengele ya Alhamisi Saa Saba

Ofisini walimwita Kachero, na jina hilo lilishamfuata mpaka nyumbani. Alikuwa mama wa watoto wawili, mke wa fundi wa majokofu, na mtu ambaye hajawahi kununua kilo ya kitu chochote bila kuomba ipimwe mara ya pili. Chupa ya maziwa aliitia alama ya kalamu kila asubuhi kabla ya kutoka. Mumewe akichelewa kurudi, hakumuuliza alikuwa wapi. Alimuuliza jokofu lilikuwa na tatizo gani, kisha baada ya wiki anauliza tena, kwa kupitia tu, aone kama majibu yanafanana. Mume alishazoea. "Siku hizi naandika kila kazi kwenye daftari," aliwaambia mafundi wenzake, "nisije nikasahau nilichotengeneza nikaonekana mhuni."

Tusimcheke sana. Tabia iliyowachosha watu wa nyumbani ndiyo iliyompatia mkate wake.

Kampuni yao ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa, watu tisa ndani ya vyumba viwili. Walitunza programu inayotumiwa na hospitali thelathini na moja: mgonjwa akifika mapokezi anaandikwa humo, daktari anamsoma humo, maabara na famasi vilevile. Programu ilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, na kama stoo ya nyumba yoyote ya umri huo, ilijaa vitu ambavyo hakuna anayejua ni vya nini. Mtu aliandika kipande kwa ajili ya mashine fulani, mashine ikatupwa, kipande kikabaki. Mwingine alitaja aina ya kipimo ambacho siku hizi hakifanywi popote, na lile jina likabaki limeketi pale, likisomwa na kila anayepita na kumchanganya. Kila mtu alilalamika kuhusu takataka hizo, na hakuna aliyethubutu kufuta, maana ukifuta kitu ambacho kumbe kinategemewa, hospitali nzima inasimama na jina lako ndilo linatajwa.

Kachero ndiye aliyepewa kufuta. Alifaa, kwa sababu hakuamini kirahisi kwamba kitu kimekufa. Kwanza alitafuta vipande ambavyo hakuna kipande kingine kinachoviita. Halafu ndani ya kila kimoja alitundika alichokiita kengele: mstari mmoja tu ambao, kipande kikiamshwa na yeyote, unaandika kwenye daftari la seva, ile kompyuta kuu, siku, saa na akaunti ya aliyekiamsha. Kisha anasubiri siku tisini. Kengele isipolia, anafuta. Kwa mwaka mmoja na nusu alishafuta mistari elfu arobaini, na hakuna hospitali hata moja iliyopiga simu.

Aliyemfundisha kazi alikuwa mzee mmoja waliyemwita Mwalimu, mtu wa kwanza kuandika mstari wa kwanza wa programu ile. Miaka kumi na moja nyuma, Kachero alikuwa karani wa mapokezi aliyejifunza kuandika programu jioni jioni, na alipoleta maombi yake ya kazi wengine walicheka chini kwa chini. Mwalimu akavuta meza moja karibu na yake, akamwambia, "Kaa hapa, binti." Watoto wa Kachero walimwita Babu. Na kama kuna jambo lililomkera Kachero kwa mzee huyo, ni kwamba aliamini watu kupita kiasi. Ukimpelekea kazi aikague, anaweka sahihi. "Kama wewe umeridhika, mimi nani?" Siku moja Kachero aliingiza kosa makusudi, aone kama atalisoma. Mwalimu aliweka sahihi akiwa anamenya chungwa, na Kachero alinuna siku mbili.

Mwalimu alibakiza miezi miwili astaafu, siku Kachero alipofikia kipande kiitwacho nakili_wote.

Kipande hicho kilikuwa cha kutisha. Ukikiamsha, kinachukua wagonjwa wote wa hospitali, majina, simu, magonjwa, kila kitu, na kuwaweka kwenye faili moja ambalo mtu anaweza kutoka nalo mfukoni. Mwalimu alikiandika zamani, hospitali zilipokuwa zinahama kutoka kompyuta za zamani kwenda mpya. Ya mwisho ilihama miaka tisa iliyopita. Kachero akamwambia kwamba anakiweka kwenye orodha ya kufutwa.

"Hicho kiache kwanza, binti," Mwalimu alisema bila kuinua macho. "Kiweke mwisho kabisa."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Basi tu."

Ungeweza kumwambia Kachero chochote duniani isipokuwa "basi tu." Alirudi mezani, akachapa kwa haraka ya mtu aliyekasirika, na kabla jua halijazama kengele ilikuwa imeshatundikwa.

Alhamisi iliyofuata ikalia. Saa saba na dakika kumi mchana. Akaunti: ya Mwalimu.

Kachero alisoma ule mstari mara nne. Akafunga skrini, akaenda kuchota maji ya kunywa, akarudi, akausoma tena. Hakumwambia mtu. Alhamisi ya pili ikalia, saa ileile, akaunti ileile. Sasa alianza kukumbuka mambo. Saa saba wote hushuka kwenda kula, isipokuwa Mwalimu, ambaye siku hizi alidai tumbo linamsumbua na kula mkate wake pale pale mezani. Tumbo gani hilo la miezi mitatu? Begi lake jipya lilikuwa na mifuko mingi kuliko anavyohitaji mzee mwenye miwani na gazeti. Na juzi alimuuliza Kachero, kwa sauti ya kawaida mno, "Kile kipande changu bado hujakigusa, eti?"

Alhamisi ya tatu alijifanya amesahau pochi. Alipanda ngazi kwa ncha za vidole, akafungua mlango saa saba na dakika tisa, akaanza kupekua droo yake polepole. Mwalimu alikuwa anasoma gazeti. Mkono mmoja ulishika gazeti, wa pili mkate. Hakugusa kibodi hata kidogo, dakika ya kumi ikapita, na mchana ule Kachero alipofungua daftari la seva akakuta kengele imelia.

Mtu mwingine hapo angesema, basi si yeye. Kachero alisema, mjanja huyu, ameipangia ijiendeshe yenyewe. Akatafuta yale mafaili ya wagonjwa yaliyonakiliwa, seva nzima, asiyaone hata moja. Mtu mwingine angetulia. Kachero alijiambia: anayefuta nyayo zake vizuri hivi ameanza zamani. Kila alichokikosa kilikuwa ushahidi, na alizidi kukosa.

Ilimuuma, lazima isemwe. Jioni alisimama jikoni akiwa ameshika mwiko, chakula kikaungua, akamwambia mumewe yote.

"Umemuuliza?" mume alisema.

"Mwizi haulizwi."

"Mimi mbona unaniuliza kila siku?"

"Wewe nakuuliza kwa sababu bado sijakukuta na kitu."

Mume akapunguza moto.

Asubuhi Kachero alipeleka karatasi aliyoandika yote, zile Alhamisi, mkate na tumbo, kwa Bosi, mwanamke aliyeirithi kampuni kwa kaka yake na ambaye hospitali moja tu ikijitoa hulala na shinikizo la damu. Bosi alisoma, akafunga mlango, akamwita Mwalimu.

Mwalimu alivaa miwani, akaishika ile karatasi mbali kidogo na uso. Aliisoma mpaka chini. Kisha hakumtazama Bosi, alimtazama Kachero.

"Kengele ni yako?"

"Ni yangu."

"Umeitundika mstari wa ngapi?"

Kachero alishahudhuria vikao vya kutosha kujua mtu anayebadilisha mada. Alikaza uso na kunyamaza. Mwalimu alisubiri jibu, kwa kweli alisubiri, kisha akavua miwani na kuiweka mfukoni.

"Sina la kuongeza," alisema.

Bosi aliomba funguo. Mwalimu alizitoa moja moja kwenye pete, ya mlango wa chini, ya chumba cha seva, ya kabati, akazipanga mezani. Akaunti yake ilifungwa kabla hajamaliza kushuka ngazi. Saa nane barua ilikwenda hospitali zote thelathini na moja, kwamba mfanyakazi mmoja ameondolewa kwa kushukiwa kuhusu taarifa za wagonjwa. Jina halikuandikwa, lakini hospitali zote zilimjua mzee mmoja tu ambaye hajibu tena simu, na ilipofika jioni hakukuwa na maabara wala famasi ambayo haijasikia.

Alhamisi iliyofuata, saa saba, hakuna aliyeshuka kula. Walikaa wote wakiangalia saa ya ukutani, hata Bosi alikuja kusimama mlangoni. Dakika ya kumi ikafika, ikapita. Kachero akafungua daftari la seva. Kimya, kengele haikulia.

"Basi," Bosi alisema. "Mwenyewe hayupo, na mambo yake yamekoma." Wakaanza kuvuta viti na kutafuta mabegi. Mmoja alimpiga Kachero begani, akamwambia kweli wewe ni Kachero.

Walipokwisha shuka, kwenye skrini yake ikaja barua pepe yenye kichwa chekundu. Ilitoka kwa Mlinzi.

Mlinzi hakuwa mtu. Ilikuwa programu ndogo aliyoiandika Kachero mwenyewe mwaka uliopita, wiki moja kabla ya kwenda kujifungua mtoto wa pili, kwa sababu hakuziamini hata kengele zake. Vipi kama kengele imeharibika, ikawa kipande kinaamshwa nayo hailii? Kwa hiyo Mlinzi alikuwa akipita mara moja kwa wiki, saa ambayo seva haina kazi nyingi, akigonga kila kengele moja baada ya nyingine na kuangalia kama inaitika. Kengele ikigongwa na Mlinzi inalia na kipande kinarudi kulala bila kufanya kazi yake. Ili kugongwa huko kusijaze daftari la seva, Kachero aliliagiza daftari hilo limfichie chochote kilichofanywa na akaunti yake mwenyewe. Yeye mwenyewe ndiye mtu pekee ambaye hakuona haja ya kumchunguza. Na barua za Mlinzi, kwa kuwa kila wiki zilisema kengele zote zinaitika, alikuwa amezielekeza kwenye folda asiyoifungua. Kisha mtoto akazaliwa, na Mlinzi akamtoka kichwani moja kwa moja. Lakini barua ya hitilafu haikuelekezwa huko. Hitilafu ilikuja wazi mbele yake, na ilisema: kengele mia mbili na kumi na nne zimegongwa, moja haikuitika. Nakili_wote.

Muda: Alhamisi, saa saba na dakika kumi.

Akafungua kile kipande na kukisoma kuanzia juu, kama alivyotakiwa kukisoma siku ya kwanza. Mstari wa kwanza, ulioandikwa na Mwalimu miaka kumi na minane nyuma, ulisema kwamba yeyote anayekiamsha, kipande kivae akaunti ya Mwalimu, maana zamani hiyo ndiyo akaunti pekee iliyoruhusiwa kugusa wagonjwa wote. Mstari wa pili ulikuwa kengele ya Kachero. Siku ile, kwa hasira zake za "basi tu", aliitundika upande wa ndani wa mlango. Aliyegonga alikuwa Mlinzi wake. Alipovuka mstari wa kwanza alivaa jina la Mwalimu, na kengele ikaandika jina hilo. Leo akaunti ya Mwalimu imefungwa, kipande kimeshindwa kuivaa, kengele haikufikiwa. Ule ukimya walioushangilia ulikuwa huo.

Aliihamisha kengele juu, mstari wa kwanza, na kuliondolea daftari la seva ile amri ya kuficha akaunti yake. Akamwita Mlinzi kwa mkono. Ikalia. Akaunti: yake.

Alikaa pale akisikia vicheko vya wenzake kutoka chini barabarani, na wazo lilimjia bila kuitwa: afute. Afute kipande, amfute Mlinzi, ndiyo kazi anayolipwa, na katika ofisi ile hakuna mtu anayesoma anachofuta. Aliyekuwa anamwekea sahihi hayupo. Alijiona kabisa akifanya hivyo, na alijichukia, kisha akaanza kushuku kama yule aliyempiga begani alikuwa anajua kitu.

Hakufuta. Bosi aliporudi alimfuata ofisini akamweleza kila kitu, akimchorea mistari miwili kwenye karatasi mpaka akaelewa. Bosi alielewa haraka. Akaikunja ile karatasi mara mbili.

"Alikuwa anaondoka mwezi ujao," alisema. "Mimi nitampigia simu kwa upole, nimwombe radhi. Lakini hospitali hapana. Nikiwaandikia kwamba tumekosea hili, watauliza tumekosea mangapi. Wewe unafuta vitu kwenye mashine zao kila siku, Kachero. Fikiria."

"Watu wanamwona mwizi."

"Watasahau."

Kachero alitoka na begi lake saa tisa mchana, bila ruhusa, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Mke wa Mwalimu ndiye aliyefungua mlango. Kachero aliamkia shikamoo, akajibiwa marahaba nusu mdomo, na mlango ukafunguliwa kiasi cha mtu kupita kwa ubavu. Mwalimu alikuwa sebuleni akirekebisha mguu wa stuli. Hakusimama. Kachero alikaa ukingoni mwa kochi, akasema yote kwa pumzi moja, Mlinzi, mstari wa kwanza, mstari wa pili, barua nyekundu, na mwisho, "Ilikuwa mimi."

"Nilijua pale pale," Mwalimu alisema. "Sikumjua huyo Mlinzi wako, lakini ule mstari wa kwanza niliuandika mimi. Ndiyo maana nikakuuliza."

"Kwa nini hukueleza, Mwalimu? Ungesema neno moja tu."

"Ningeeleza, ungesema nimejiandaa. Nilinyamaza, ukasema nimeficha. Nilikuona machoni, binti. Nilikula mkate, ukaandika. Niliumwa tumbo, ukaandika." Alikaza skrubu, akaisukuma stuli pembeni. "Tumbo langu lina kidonda. Daktari alikiona mwezi wa pili."

Kachero alishindwa pa kuweka mikono. "Na kile kipande? Kwa nini ulitaka kiachwe?"

"Kilikuwa kitu changu cha kwanza kufanya kazi pale. Nilitaka siku ya kuondoka nikifute mwenyewe." "Niliona aibu kukwambia jambo la kitoto namna hiyo."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono kifuani. "Jana alitoka kwenda kliniki," alisema, "karani wa pale akachukua begi lake mwenyewe na kuliweka upande wa pili wa kaunta. Huyu mzee. Watu aliowafundisha kuwasha kompyuta."

"Nitawaandikia," Kachero alisema. "Hospitali zote."

"Bosi amekubali?" Mwalimu aliuliza.

"Hapana."

"Atakufukuza."

"Najua."

Mwalimu aliweka bisibisi chini. "Iandike hapa," alisema.

Aliandika kwa simu, kutoka akaunti ya ofisi. Aliandika kwamba hakuna mgonjwa aliyenakiliwa wala mwizi aliyekuwapo, kwamba aliyekosea ni yeye, akaeleza wapi, akaweka cheo chake na jina lake kamili. Alipokuwa anataka kubonyeza, Mwalimu alinyoosha mkono.

"Lete."

Alivaa miwani akasoma, mstari kwa mstari, midomo ikitembea. Akarudi juu akasoma tena. Kisha akaanza kuhesabu anwani za hospitali kwa kidole, moja, mbili, tatu, mpaka thelathini. Akasimama. "Moja iko wapi?" Ilikuwa imejificha chini ya skrini. Kachero alimwonyesha, naye akaihesabu. Ndipo akamrudishia simu, na Kachero akatuma.

"Nionyeshe kama imekwenda."

Akamwonyesha. Mwalimu aliifungua ile iliyotumwa akaisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho, ahakikishe ndiyo ileile. Miaka kumi na moja mtu huyu alikuwa ameweka sahihi kwenye kila alichopelekewa na Kachero bila kusoma herufi moja. Kachero alikaa akimwangalia, magoti pamoja, na maumivu aliyoyapata hapo yalizidi ya barua nyekundu, kwa sababu kila alichokifanya mzee, Kachero alikijua. Ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akifanya, kwa muuza nyanya, kwa mumewe, kwa dunia nzima.

"Kesho nitawapigia wawili watatu," Mwalimu alisema, "nijue kweli imewafikia."

"Sawa, Mwalimu."

"Na hukubakiza njia ya kuirudisha? Siku hizi barua zinarudishwa."

"Hapana, Mwalimu. Sijabakiza."

Alisema kweli, na alimwangalia usoni akisema. Mwalimu alikunja miwani yake polepole, na Kachero akaona kwamba hakuaminiwa.